Sanaa Iendayo kwa Miguu

Wako wasomi wetu ambao, wakiulizwa sanaa iko wapi, hunyosha kidole kwenye rafu ya vitabu au kwenye jukwaa la ukumbi. Waonyeshe kundi la watu waandamao na ngoma zao barabarani, nao watatabasamu na kusema, "Hiyo ni burudani tu." Nakusudia kulikataa neno hilo, na ushahidi wangu nautoa Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria.

Tazama kwanza maandamano ya kazi. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Vijana walioungana kulima mashamba walikwenda kazini pamoja, kwa ngoma na nyimbo, na walipofika shambani mapigo hayo ndiyo yaliyoinua majembe na kuyashusha. Wimbo haukuwa pambo la kazi, bali kipimo chake. Aliyekosa mapigo aliivuruga safu nzima. Ni mshairi gani wa mjini ambaye kosa lake la mizani huonekana upesi namna hiyo?

Tazama pili mashindano yafuatayo mavuno. Wasukuma wana vyama viwili vikuu vya ngoma, Wagika na Wagalu, ambavyo asili yake hupelekwa kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na ashindaye ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Kila mtazamaji ni hakimu, na hukumu yake huitoa kwa miguu: asipopendezwa hapa, huenda kule. Padri David Clement, mmisionari Mkanada, aliifahamu nguvu hiyo. Huko Bujora, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza, mashindano ya ngoma yaliambatana na maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, na sherehe hiyo ikaitwa Bulabo, yaani maua. Hakuwatenga waumini na mwendo wao.

Sasa nawageukia wale wajiitao wapenzi wa ngoma, maana hao huidhuru kuliko waidharauo. Huliita kundi kuja kumpokea mgeni mkubwa, hulipanga kando ya zulia, na kulipa dakika tano. Manju hajafikia kiini cha wimbo wake, naye amekwisha kuashiriwa anyamaze. Kundi ni moja, basi hakuna wa kulinganishwa naye. Watazamaji wamewekwa vitini, basi hakuna awezaye kuondoka. Mtazamaji aliyeketishwa amenyang'anywa kura yake, na sanaa isiyoweza kushindwa haiwezi kushinda pia.

Nitaambiwa kwamba mashindano hayo yalileta ugomvi, na hofu ya dawa za kuvutia watu. Ni kweli, wala sidai kwamba kila wimbo wake ni mzuri. Lakini hapo ndipo ilipo hoja yangu. Burudani haihukumiwi; humalizika, watu wakaenda zao. Sanaa ndiyo huhukumiwa, na wimbo mbovu ukaitwa mbovu mbele ya mtunzi wake. Watu wa Usukuma wamefanya uhakiki huo kwa vizazi, nasi twafundisha uhakiki darasani kana kwamba umetoka ng'ambo jana.

Kosa hili si geni. Beni, ngoma ya gwaride iliyoanzia miji ya pwani na kuenea bara, ilicheza miaka mingi ikiitwa mchezo wa kuiga Wazungu. Profesa Terence Ranger, aliyepata kufundisha Dar es Salaam, alipochapisha kitabu chake mwaka 1975, wengi walitambua kwamba ndani ya mchezo ule mlikuwamo historia ya watu. Je, tungoje tena mgeni atuambie tulicho nacho?

Basi namwambia mwanafunzi: toka. Fuatana na maandamano tangu yanapoanza hata yanapokwisha. Andika nyimbo, andika na jina la aliyezitunga, kisha uzipime kwa ukali uleule uutumiao katika diwani na riwaya. Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kwetu yupo manju aliyecheza kwao maisha yake yote, na chuo hakijamtunza hata kwa kumwuliza jina.