Lutuku iliyokwenda masomo

 

Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya madaftari ya watoto. Madaftari yatangoja. Jumamosi, baada ya kugawa likelemba, mmoja wetu alitoa katika kikapu chupa aliyoletewa na mtoto wa dada yake anayekaa Ubelgiji. Ilikuwa wiski ya Scotland, jina lake Cardhu, na juu ya karatasi yake imeandikwa miaka 18. Ni umri wa watoto wetu wanaongoja diploma ya leta.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wawili hawanywi kwa ajili ya kanisa lao. Walisema watanusa tu, na kweli walinusa muda mrefu kuliko sisi wote. Kijana alikuwa ameandika maagizo kwenye kikaratasi: msinywe haraka, nuseni kwanza, wekeni kidogo ulimini, kisha tieni matone mawili matatu ya maji na kunusa tena. Mama Prezidenti aliyasoma kwa sauti kama waraka wa mtume Paulo.

Mwanzo inachoma pua. Ukivumilia, inakuja harufu ya asali, ile nyeusi ya msituni, halafu pome lililoiva, halafu mbao mpya kwa seremala. Baada ya maji tulisikia sukari inayoanza kuungua katika sufuria. Ulimini ni laini, inashuka bila ugomvi, na nyuma inaacha pilipili kidogo na ukavu kama chai iliyokaa sana katika birika. Mkubwa wetu kwa umri, aliyetukataza kuandika jina lake, alifumba macho, akameza, akasema: "Hii ni lutuku. Ila ni lutuku iliyokwenda masomo."

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Lakini neno lile halikutuacha kulala, maana mama yule alisema kweli. Wiski ya namna hii inatoka kwa shayiri, ile Ruthu aliyookota katika shamba la Boazi. Wanailoweka mpaka iote, iwe kimea, kama wanavyofanya wamama wa kibuku. Wanakausha, wanasaga, wanatia maji ya moto, kisha chachu. Pombe inayopatikana inachemshwa katika chungu kikubwa cha shaba, mvuke unapozwa, unashuka matone. Wanafanya hivyo mara mbili. Mama aliyekwisha kupika lutuku hana la kushangaa hapo.

La kushangaa liko mbele kidogo. Matone ya kwanza yanatengwa, na ya mwisho vilevile, yanarudishwa kupikwa upya. Ya katikati tu ndiyo yanaingia katika pipa. Kwetu ya kwanza ndiyo yanayosifiwa kwa ukali, na wanaoyasifu tunawajua, tunawaruka asubuhi mtaroni. Tena chombo chao ni shaba safi, hakikubeba mafuta ya gari jana.

Halafu wanangoja. Sheria ya kwao inataka pipa la mti wa mwaloni na miaka 3 kwa uchache, kisha kileo katika chupa kisipungue asilimia 40. Nambari iliyoandikwa juu ya chupa ni umri wa ile changa kuliko zote zilizotiwa humo. Pipa linapumua, na kila mwaka karibu asilimia 2 inapotea hewani. Wao wanasema ni fungu la malaika. Tulipiga hesabu ubaoni na darasa la sita, bila kuwaambia ni hesabu ya nini: ukianza na lita 200, baada ya miaka 18 unabaki na lita 139. Malaika wa Scotland hawana njaa.

Sasa Cardhu yenyewe. Jina ni la lugha ya zamani ya watu wa huko, maana yake mwamba mweusi. Iko juu ya kilima karibu na mto Spey, kaskazini mwa Scotland. John Cumming na mke wake Helen walilima hapo tangu mwaka 1811, na mpishi wa wiski alikuwa Helen. Alipika bila ruhusa, kama majirani wake wengi. Inasimuliwa kwamba watu wa kodi walipofika bondeni walipanga kwake, maana hapakuwa na nyumba nyingine ya wageni. Helen aliwapokea na unga wa mkate mikononi, ili harufu ya chachu iwe ya mkate, akawakalisha mezani, akawapa chakula. Walipokuwa wanakula alitoka nyuma na kutweka bendera nyekundu juu ya ghala, na bonde lote likajua kwamba wageni wamefika.

Mwaka 1823 serikali ya Uingereza ilibadili sheria. Kodi ilipunguzwa, na leseni ikawa pauni 10 kwa mwaka. Mwaka 1824 akina Cumming waliichukua. Iliandikwa kwa jina la John, bila shaka. Helen aliishi karibu miaka mia, akaona nyumba ya biashara pale alipokuwa ameficha moto.

Mkwe wake, Elizabeth, aliachwa mjane mwaka 1872, na watoto wadogo, na kiwanda mikononi. Akakiendesha zaidi ya miaka ishirini. Miaka ya 1884 na 1885 alijenga kipya, kikubwa, na vyungu vya zamani akamuuzia William Grant, aliyekuwa anaanzisha kiwanda chake cha Glenfiddich. Mwaka 1893 aliwauzia watu wa John Walker kwa pauni 20,500, na mwana wake akapata kiti katika uongozi wa kampuni. Wababa wanaoagiza Johnnie Walker kwa sauti kubwa siku ya ndoa wajue kwamba ndani yake mna kazi ya mjane huyu.

Hapa tunafika mahali pagumu. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulisomeshwa na lutuku. Hatujaiandika kamwe. Baba alipokufa, mama alipika usiku nyuma ya nyumba, na sisi watoto tulikaa njiapanda na mpira wa matambara. Tukiona kofia ya polisi, tuliimba wimbo wa kanisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa bendera yetu nyekundu. Usiku mmoja wimbo ulichelewa. Pipa lilitobolewa, na mama akalala siku mbili kachoti. Asubuhi ya tatu alitupeleka masomo kwa mkono wake. Kila mwaka mwalimu alipouliza kazi ya mama tulijibu mkulima, na hata katika faili ya ISP tuliandika mkulima. Hana shamba.

Hatuombi lutuku iachiliwe hivi hivi. Tumezika watu, na wengine wetu wameolewa na wanaume walioharibiwa nayo. Lakini ilikatazwa tangu wakati wa Wabelgiji, na tangu wakati ule inapikwa, na aliyelala kachoti ni mpishi, si mnywaji. Moyo wa Helen haukubadilika mwaka 1824. Kilichobadilika ni bei ya karatasi. Na kungoja miaka 18, nani kati yetu angeweza? Elizabeth alikuwa na ardhi na barua zake sandukuni. Mjane anayedaiwa minervali mwezi wa tisa anauza matone yakiwa bado ya moto.

Mkubwa wetu aliomba chupa tupu, na sasa ina mafuta ya ngazi. Kidogo kilichobaki ndani, kama vidole viwili, tulikuwa tumekimiminia katika kichupa cha dawa na kumpelekea mama yetu. Hakutaka kusikia habari za Scotland. Alitia kijiko, akawasha kiberiti, kama alivyokuwa akipima zamani. Moto haukushika.

"Wametia maji," akasema. Halafu akanywa yote.