Nani aliyewasomesha Wazungu?

Wako wenzetu wanaodhani kwamba mabishano ya maprofesa wa Ulaya ni maneno ya watu walioshiba, yasiyomhusu mtu wa Lamu wala wa Kibokoni. Mimi siafikiani nao. Maprofesa hubishana leo. Kesho maneno yao yamo katika vitabu vya shule, keshokutwa yamo vinywani mwa wanasiasa, na mtondo yamekwisha kumfikia mwanao aliyekwenda huko kusoma au kutafuta riziki. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba tuutazame ubishi mmoja uliozuka Ufaransa mwaka 2008, ambao hata hivi leo haujesha.

Mwaka huo mwanahistoria Sylvain Gouguenheim, mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Lyon, alitoa kitabu alichokiita kwa Kifaransa Aristote au Mont-Saint-Michel, yaani Aristotle katika Mont-Saint-Michel. Hicho ni kisiwa kidogo cha pwani ya Normandy, chenye nyumba ya watawa ya tangu zamani. Madai ya bwana huyu yalikuwa haya: kwamba Ulaya ya Kikristo haikuzipata elimu za Wayunani kwa mkono wa Waislamu, kama ilivyozoeleka kusemwa, bali ilizipata yenyewe moja kwa moja kutoka lugha ya Kiyunani, hasa kwa kazi ya mfasiri mmoja aitwaye James wa Venice. Akasema pia kwamba Waislamu hawakuziingiza kwelikweli fikira za Wayunani katika maisha yao, na kwamba Ulaya ingefika ilikofika hata bila wao.

Kitabu hiki hakikuanguka kutoka mbinguni. Miaka michache kabla yake, Wazungu walikuwa wakiandika katiba ya Umoja wa Ulaya, wakabishana kama dibaji yake itaje mizizi ya Kikristo ama isitaje. Katiba iliyotiwa sahihi Roma mwaka 2004 ilitaja urithi wa utamaduni, wa dini na wa utu, bila ya kuitaja dini yoyote kwa jina. Na mwaka 2005 wapiga kura wa Ufaransa na Uholanzi wakaikataa katiba yenyewe. Septemba 2006, Papa Benedict wa 16 alitoa hotuba katika chuo kikuu cha Regensburg, Ujerumani. Wengi wetu twaikumbuka kwa maneno aliyoyanukuu ya mfalme wa Byzantium juu ya Uislamu, lakini kiini chake kilikuwa kwamba Ulaya ilizaliwa pale imani ya Biblia ilipokutana na akili ya Kiyunani. Basi kitabu cha Gouguenheim kilipotoka, mlango ulikuwa umekwisha funguliwa.

Sasa tuutazame ukweli wenyewe, maana mzani hauna jamaa. Ni kweli kwamba James wa Venice alikuwako, na kwamba katika karne ya 12 alifasiri vitabu kadhaa vya Aristotle kutoka Kiyunani. Wanavyuoni walilijua jambo hilo kabla ya kitabu hiki. Lakini kwamba alipata kukaa katika kisiwa kile, hilo halina ushahidi. Ni kweli vilevile kwamba wafasiri wengi wa Baghdad hawakuwa Waislamu. Mkubwa wao, Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alikuwa Mkristo wa Hira. Lakini hebu tujiulize: ni nani waliomtaka afasiri, waliomlipa, na waliokuwa na kiu ya kusoma alichokifasiri? Ni makhalifa wa Abbasiya na matajiri wa mji wao. Fundi wa jahazi hutajwa, na mwenye jahazi hutajwa pia.

Tena kuna yale yasiyofichika. Toledo, mji ambao Waarabu waliuita Tulaitula, ulitwaliwa na mfalme Mkristo mwaka 1085, na vitabu vya Kiarabu vikabaki humo. Mtaliana Gerard wa Cremona alifunga safari mpaka mji huo akitafuta kitabu cha nyota cha Ptolemy. Alipoona wingi wa elimu iliyokuwamo, alijifunza Kiarabu, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1187, na akaacha tafsiri zaidi ya 70. Mojawapo ni kitabu cha utabibu cha Ibn Sina, kilichosomeshwa katika vyuo vya Ulaya mpaka karne ya 17. Ibn Rushd wa Cordoba naye alisomwa Paris hata wakamwita Mfafanuzi, bila ya haja ya kutaja jina. Mwaka 1277 askofu wa Paris alipiga marufuku kauli 219, na nyingine kati ya hizo zilitokana na wafuasi wa Ibn Rushd. Mtu hapigi marufuku kitu kisichokuwamo nyumbani mwake.

Na zaidi ya hayo, Waislamu hawakuwa matarishi wa kuchukua barua ya mtu kumpelekea mtu. Walisahihisha, wakabishana na Wayunani, wakaongeza. Hesabu ya al-jabr haikutoka kwa Aristotle. Neno letu sifuri na neno la Wazungu zero ni mtu na nduguye, yote mawili yametoka katika Kiarabu. Nao Waarabu hawakudai kuwa tarakimu zile ni zao; waliziita za Kihindi, kwa kuwa walizipata kwa Wahindi. Huo ndio uungwana wa elimu: unataja uliyemsikia.

Wanavyuoni wa Ufaransa hawakunyamaza. Aprili 2008 watafiti 56 walitia sahihi tamko katika gazeti la Libération, wakisema kwamba Ulaya ya Kikristo inayo deni kwa ulimwengu wa Kiislamu. Mwaka 2009 Alain de Libera na wenzake walitoa kitabu kizima cha kumjibu, wakauita mtindo ule chuki ya Uislamu iliyovaa joho la usomi. Wako pia waliotaka chuo chake kimchunguze. Hapo mimi nasema walikosea. Kitabu hujibiwa kwa kitabu. Ukimpeleka mwandishi barazani kuhukumiwa, wasiokisoma kitabu chake watamwona amedhulumiwa, na hoja yake itapata nguvu isiyostahili.

Na sisi je? Nimesikia baadhi yetu wakishangilia kila Mzungu aandikapo kutusifu. Bibi Sigrid Hunke wa Ujerumani aliandika mwaka 1960 kitabu cha kusifu jua la Waarabu lililoiangazia Ulaya, na kikapendwa sana katika nchi za Kiislamu. Wachache wanajua kwamba bibi huyo alipata kuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Wasomi humlaumu kwa kutia chumvi, na Gouguenheim alimshika papo hapo. Basi tusiegemee ukuta wa nyufa kwa sababu umepakwa chokaa tunayoipenda. Haki yetu ina ushahidi wa kutosha bila ya chumvi.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hili la kutafuta mzizi mmoja. Gouguenheim anautaka uwe wa Kiyunani na Kikristo peke yake; baadhi yetu wanautaka uwe wa Kiarabu peke yake. Wahenga wetu walikwisha sema: jifya moja haliinjiki chungu. Mfano bora ni wa Sicily. Mfalme Roger wa Pili, Mkristo, alimpa kazi al-Idrisi, Mwislamu, amwandikie kitabu cha nchi zote za dunia, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1154. Katika kitabu hicho imetajwa Malindi, na imetajwa Mombasa. Kasri la Mzungu, kalamu ya Mwislamu, na pwani yetu ndani yake! Nani atakayekikata kitabu hicho vipande vitatu, kila mtu achukue chake?

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulifahamu jambo hili kuliko wengine, maana tulifanyiwa hivyo hivyo. Vitabu vya wakoloni viliandika kwa miaka mingi kwamba miji yetu ya mawe ilijengwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi, kana kwamba wenyeji walikaa wakitazama. Baadaye wakaja wachimbuaji, nao huko Shanga, kisiwani Pate, wakakuta chini ya misikiti ya mawe alama za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, mji ukikua wenyewe hatua kwa hatua. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa zamani wa pwani, wakiwamo wa Manda na Mtwapa. Kwa wengi wao, asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika, na upande wa baba mlikuwamo damu ya Uajemi. Si mzizi mmoja, na wala hatukupungukiwa kwa hilo. Ndivyo tulivyo.

Kwa nini basi watu wang'ang'anie mzizi mmoja? Kwa sababu anayeonyeshwa kuwa hakuchangia katika kujenga nyumba huambiwa mwishowe kuwa yeye ni mgeni, na mgeni huulizwa ataondoka lini. Mamilioni ya Waislamu waishio Ulaya, wakiwamo jamaa zetu, ndio wanaoulizwa swali hilo. Kumbe habari za wafasiri wa karne ya 12 zinaweza kuamua kijana wa leo atazamwe vipi katika mtaa wa Marseille.

Ndiyo maana siridhiki na kulalamika tu, wala na kujisifu kwa kazi za waliotangulia. Sifa za babu hazijazi kibaba. Vijana wetu wasomao Kiarabu tangu chuoni wanao ufunguo ambao maprofesa wengi huutafuta ukubwani kwa taabu. Wakiongeza Kilatini na Kifaransa, na wakaisoma historia ya elimu kwa bidii, wanaweza kukaa katika meza ile ile wakasema kwa ushahidi. Hata hapa kwetu ziko hati za Kiarabu na za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zimo masandukuni mwa watu zikingoja mchwa. Anayetaka dunia ijue babu zake waliandika nini, na aanze kwa kulifungua sanduku la nyumbani kwake.