"Itaingia Tu" Si Kipimo

Kuna maneno mawili yamekula pesa za waendesha baiskeli wa Kenya kuliko mashimo ya barabarani: "itaingia tu". Umeenda dukani unataka kaseti kubwa nyuma ili upande mlima bila kushuka. Muuzaji anatoa dereila yoyote iliyobaki kwa kabati, anapangusa vumbi, anakwambia ni orijino, ni ya gia kumi, itaingia tu. Na kweli inaingia. Bolti ni ile ile karibu kwa baiskeli zote za gia. Kuingia haijawahi kuwa shida, buda. Shida ni kufanya kazi.

Kwa wale wageni: dereila ya nyuma ni kile kimkono kinachoning'inia chini ya kaseti kikiwa na vigurudumu viwili. Kinasukuma cheni kutoka gia moja hadi nyingine, na kinaivuta isilegee. Kazi zote mbili zina mipaka, na mipaka hiyo mtengenezaji ameiandika na kuiweka wazi, bure. Mimi niliacha uni mwaka wa pili na hesabu yenyewe naifanya kichwani nikisubiri matatu. Kwa hivyo mtu asikuambie ni mambo ya injinia.

Chukua baiskeli ya lami yenye meno 50 na 34 mbele, na kaseti ya 11 hadi 28 nyuma. Toa ndogo kwa kubwa mbele: 16. Fanya hivyo nyuma: 17. Jumla 33. Hicho ndicho kiasi cha cheni ambacho dereila lazima iweze kumeza. Sasa weka kaseti ya 11 hadi 34. Mbele bado 16, nyuma 23, jumla 39. Shimano 105 ya R7000 inakuja kwa keji mbili. Fupi, yenye alama SS, mwisho wake ni jino la 30 na inameza 35. Ndefu kidogo, GS, inafika jino la 34 na inameza 39. Jina ni moja, rangi ni moja, na ukizitazama haraka ukiwa umesimama kaunta hutaona tofauti. Moja itakupandisha mlima. Nyingine umenunua pambo.

Na usichanganye hizo namba mbili. Mtu mwenye gia moja tu mbele anaweza kuweka kaseti ya 11 hadi 42, na hesabu ya kumeza inakuja 31 pekee, kwa sababu mbele hakuna tofauti. Anafurahi, anasema ile GS inatosha. Haitoshi. Kigurudumu cha juu kitagonga lile jino la 42, maana dereila haikuchorwa kushuka hadi hapo. Lazima zote mbili zikubali.

Lakini wizi wenyewe uko kwa waya. Hapa ndipo nakasirika.

Ukibonyeza shifta, inavuta waya milimita kadhaa, na dereila inageuza huo mvuto kuwa mwendo wa kando. Kila familia ina uwiano wake. Shifta za Shimano za gia 8 na 9, za lami na za milimani, zinaongea lugha moja, pamoja na gia 10 za zamani za lami. Ndiyo maana dereila ya milimani ya gia 9 inafanya kazi safi kabisa na shifta ya lami ya gia 9, na hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kupata gia za kupanda. Halafu zikaja dereila za milimani za gia 10, Shimano wakabadilisha uwiano. Halafu Tiagra 4700, ambayo ni gia 10 za lami, ikafuata uwiano wa ndugu zake wa gia 11. Kwa hivyo kuna gia 10 tatu ambazo hazielewani, na zote zimeandikwa 10. Anayekuuzia dereila ya milimani ya gia kumi uifunge na shifta ya lami ya gia kumi kwa sababu "kumi ni kumi" amekuuzia cheni itakayorukaruka hadi uichukie baiskeli. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. SRAM nao wana lugha yao. Usiwaoanishe na Shimano.

Najua fundi mmoja atanijibu kwamba kampuni huandika namba za uoga, na dereila ya 34 amewahi kuifunga na 36 ikaenda fiti. Ni kweli. Kuna skrubu ndogo nyuma ya dereila inayoisogeza mbali na kaseti, na mara nyingi jino moja au mawili ya ziada yanapatikana hapo. Kuna pia kipande cha chuma cha kurefusha hanga. Kinasaidia kwa jino kubwa, lakini hakiongezi hata kidogo uwezo wa kumeza cheni, na gia ndogo zinaanza kuingia kwa uvivu. Fundi anayejua hivyo, na anakujaribishia kwa stendi kabla hujalipa, huyo mlipe na umwongeze ya chai. Ninayemlaumu ni yule anayefunga na kukuaga.

Maana cheni ikiwa fupi kwa kaseti mpya, siku utakayoweka kubwa mbele na kubwa nyuma itakaza, iing'oe dereila pamoja na hanga. Skrubu yenye herufi L isipowekwa sawa, dereila inaingia kwenye spoku. Hebu wazia hilo likitokea ukipanda kutoka Mai Mahiu, lori liko mgongoni, gurudumu limefunga ghafla.

Na sasa nyinyi wa klabu, mliovaa nguo za kubana, mnaocheka kaseti ya 34 eti ni ya akina mama. Kwa 34 mbele na 28 nyuma, ukipanda kilomita 7.5 kwa saa miguu inazunguka kama mara 49 kwa dakika. Weka 34 nyuma, mwendo ni ule ule, miguu inazunguka karibu mara 60. Magoti yanajua tofauti. Toka Bonde la Kerio upande hadi Iten, karibu mita 2,400 juu ya bahari, halafu uje tuongee kuhusu uanaume. Baiskeli nyingi hapa ni mitumba, zimekuja na gia za mtu aliyekuwa akienda kazini kwa barabara tambarare. Jamaa anayepandisha maziwa Limuru na mtungi nyuma hana muda wa heshima yenu. Anahitaji jino kubwa na dereila inayolifikia, mara moja, bila kununua mbili.

Wauzaji, ombi langu ni dogo. Mkipiga picha ya dereila, geuzeni upande wa ndani tuone namba ya modeli. Andikeni jino kubwa inalofika, cheni inayomeza, na shifta inayoelewana nayo. Mistari mitatu. Kama hujui, sema hujui, tutatafuta wenyewe. Na wewe mnunuzi, kabla hujatuma pesa, hesabu meno yako mbele na nyuma, soma namba iliyo kwenye shifta yako, uulize hayo matatu. Akijibu "itaingia tu", rudisha simu mfukoni.