Santuri, Krispi na Swali la Ushirikishwaji

Miongoni mwa wasomi wetu imo imani isiyotamkwa kwamba starehe ya mtu mwenye shahada ya uzamivu sharti ifanane na kazi yake. Mimi nina starehe mbili zisizotimiza sharti hilo. Hukusanya santuri za panki na ska, na huonja kila ladha mpya ya krispi ninayoikuta dukani. Aghalabu huzifurahia zote mbili kwa wakati mmoja, mkono mmoja ukiwa na mafuta na wa pili, uliofutwa vizuri, ukigeuza santuri. Sikusudii kuziombea radhi. Zimenifunza mengi kuhusu neno "ushirikishwaji" kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Ska ilizaliwa Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950, ikashamiri nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1962. Wahamiaji wakaifikisha Uingereza. Mwaka 1979, katika mji wa Coventry ambako viwanda vya magari vilikuwa vikiyumba, Jerry Dammers alianzisha lebo ya 2 Tone, na bendi yake ya The Specials, yenye wanamuziki weusi na weupe, ikaichanganya ska na hasira ya panki. Santuri yao ya kwanza, "Gangsters", imejengwa juu ya "Al Capone", wimbo wa Prince Buster wa mwaka 1964. Nembo ya lebo hiyo ilikuwa miraba myeusi na myeupe, ujumbe unaoeleweka hata na asiyejua kusoma. Hata hivyo, miongoni mwa waliofika kucheza walikuwamo wafuasi wa National Front, chama kilichotaka wahamiaji hao hao warudishwe makwao. Mguu ulicheza mdundo wa Jamaika usiku, na asubuhi mdomo ukawatukana Wajamaika. Huwataja vijana hao darasani kila mwanafunzi anaponiambia kwamba sanaa peke yake itaibadilisha jamii. Julai 1981 wimbo "Ghost Town", maombolezo ya mji uliokaukiwa na ajira, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza huku ghasia zikiwaka Liverpool na kwingineko. Wimbo ulisema kweli, lakini haukuleta ajira hata moja.

Ninaloliheshimu zaidi katika panki liko nyuma ya jalada. Mapema mwaka 1977 Buzzcocks wa Manchester walitoa santuri yao "Spiral Scratch" wenyewe, kwa fedha za kukopa, nakala 1,000 za mwanzo. Mwaka uliofuata Scritti Politti wa London wakapiga hatua kubwa zaidi: kwenye jalada la "Skank Bloc Bologna", karatasi tu ya fotokopi, waliorodhesha gharama za kuitengeneza santuri hiyo, kuanzia studio hadi uchapaji. Msikilizaji alijua fedha zimekwenda wapi, na alijua pia kwamba yeye mwenyewe angeweza kufanya vivyo hivyo. Kwangu mimi huo ndio ushirikishwaji: mtu anapewa hesabu na njia, kisha anaachwa aamue.

Krispi nazo zina historia yake. Kampuni ya Smith's ilikuwa ikiuza pakiti yenye kijikaratasi cha buluu kilichofungiwa chumvi, na kila mlaji alijitilia kiasi alichotaka. Mwaka 1954 Joe Murphy alianzisha Tayto jijini Dublin, akatuletea jibini na kitunguu, na tangu hapo ladha ikawa ya kiwanda. Silalamiki. Ipo furaha ya kweli katika kufungua pakiti usiyoijua, na ulimi una udadisi wake kama akili.

Ila tazama yaliyotokea Uingereza mwaka 2008 na 2009. Walkers, kampuni inayomilikiwa na PepsiCo, iliwaalika wananchi wabuni ladha. Yakaja mapendekezo zaidi ya milioni moja. Kampuni ikachuja, ikabakiza sita, kisha ikaitisha kura. Walikuwamo kindi wa Cajun (kindi mwenyewe hakuwamo pakitini), pilipili na chokoleti, na bajia za vitunguu. Sisi wa pwani tungezipigia bajia, bila shaka. Ikashinda ladha ya kifungua kinywa cha mafundi ujenzi. Mbunifu wake alizawadiwa pauni 50,000 na asilimia 1 ya mauzo. Mwaka uliofuata ladha hiyo ikaondolewa sokoni.

Hakuna aliyeulizwa kuhusu bei, kiasi cha chumvi, wala malipo ya mkulima wa viazi. Kura ilihusu unga unaonyunyizwa juu, kiazi hakikujadiliwa. Lakini nawaonea kampuni nikiishia hapo, kwani walau kura zilihesabiwa na mwenye wazo akalipwa. Katika mikutano yetu ya "maoni ya wadau" rasimu hufika ikiwa imekwisha kuchujwa, wananchi huchagua kati ya pakiti sita ambazo hawajui zimetoka wapi, hupewa soda, na maoni yao hayaonekani tena. Wanaharakati nao hufanya hivyo hivyo wanapoita wanakijiji "wathibitishe" mradi ulioandikwa mjini.

Atatokea wa kuniambia kwamba santuri nayo ni bidhaa. Ni kweli. The Clash walisaini na CBS mwanzoni mwa 1977, 2 Tone ilisambazwa na Chrysalis, na mkusanyaji anayekesha akitafuta toleo la kwanza hatofautiani sana na anayefukuzia krispi za toleo maalumu. Nami nimo katika makundi yote mawili. Ninachokidai hakihitaji mtu aache kununua. Kinahitaji karatasi tu. Mtumishi wa umma anayesoma hapa, utakapoitisha mkutano ujao wa wadau, chapa nyuma ya kitini gharama za mkutano huo: ukumbi, posho, mtaalamu mwelekezi. Chini yake andika ni mapendekezo gani yaliyoachwa kabla rasimu haijafika ukumbini, na nani aliyeyaacha. Scritti Politti walipata nafasi ya kutosha kwenye jalada la santuri ndogo.