Mwanafunzi aliyeuliza kuhusu oksijeni alikuwa na haki

Nilipokuwa nikifundisha kemia katika shule moja ya upili upande wa Kangemi, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliniuliza swali ambalo sikulijibu. Alikuwa amesoma mahali kwamba oksijeni ikipozwa hadi iwe kioevu huvutwa na sumaku. Yawezekanaje, akauliza, ilhali mchoro tulioufanya ubaoni waonyesha elektroni zote zimekaa mbili mbili? Nilimwambia kwamba jambo hilo halimo katika mtihani. Darasa likacheka, naye akaketi.

Ndugu walimu, mwenye haki alikuwa yeye. Mchoro wetu wa nukta na misalaba watokana na fikira alizozitoa Gilbert Lewis wa Marekani mwaka wa 1916. Watosha kabisa kwa haidrojeni, maji na naitrojeni. Kwa oksijeni wapotosha, kwa maana kitu ambacho elektroni zake zote zina wenzi hakivutwi na sumaku. Na la kushangaza ni kwamba ushahidi ulikuwapo kabla ya mchoro wenyewe: mwaka wa 1891 James Dewar alishuhudia oksijeni kioevu, yenye rangi ya samawati iliyofifia, ikivutwa na kunata kwenye ncha za sumaku.

Maelezo yalitolewa na John Lennard-Jones mwaka wa 1929, kwa nadharia ya obitali za molekuli. Elektroni, kwa nadharia hiyo, si mali ya atomu hii au ile. Huenea katika molekuli nzima. Obitali mbili za atomu zikikutana huzaa mbili mpya: ya chini, ambayo huunganisha, na ya juu, ambayo hutenganisha. Elektroni za nje za molekuli ya oksijeni ni 12. Nane huingia katika obitali za kuunganisha, nne katika za kutenganisha. Toa, kisha gawa kwa mbili: vifungo viwili, sawasawa na mchoro wetu. Lakini elektroni mbili za mwisho hukuta obitali mbili zenye nishati sawa, nazo hufanya kama abiria wawili wasiojuana waingiapo katika matatu tupu: kila mmoja hushika kiti chake. Hizo zisizo na wenzi ndizo zivutwazo na sumaku. (Jaribu hesabu hiyo kwa heliamu: mbili huunganisha, mbili hutenganisha, jibu ni sifuri. Ndiyo maana atomu za heliamu hukaa pekee.)

Sidai kwamba haya yote yaingizwe katika masomo ya upili. Mzigo uliopo watosha. Nionavyo mimi, mwalimu asione haya kusema kwamba mchoro una mahali unapokoma. Wachache watakaofika chuoni watarekebishwa huko. Walio wengi hawatafika, nao huondoka shuleni wakiamini kwamba sayansi ni jambo lililokwisha kuamuliwa, na kwamba anayeuliza sana huchekwa.

Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Chiromo, safari fupi ya matatu kutoka Kangemi kwa barabara ya Waiyaki. Oksijeni hugeuka kioevu katika nyuzi 183 chini ya sifuri. Naomba wataalamu wa huko wazialike shule za jirani, japo mara moja kwa mwaka, wamimine kioevu hicho kati ya ncha za sumaku kubwa, watoto wakitazama.