Bata bukini wa Krismasi: Kitoweo cha maskini kilichogeuka anasa

KILA Desemba inapowadia, familia nyingi nchini Uingereza hujiuliza swali lile lile: je, mezani siku ya Krismasi awepo bata mzinga au bata bukini? Swali hilo laweza kuonekana la mapishi tu, lakini ndani yake limo suala zito la kipato na kilimo.

Katika karne ya 19, bata bukini alikuwa kitoweo cha sikukuu cha wafanyakazi wa London. Wengi hawakumudu kumnunua kwa mkupuo, hivyo walijiunga na vyama vya akiba na kutoa peni chache kila wiki. Waliokosa tanuri nyumbani walimpeleka kwa mwokaji mikate akawaokee.

Charles Dickens aliionyesha hali hiyo katika hadithi yake ya Krismasi ya mwaka 1843. Familia maskini ya Cratchit inakula bata bukini, ilhali bata mzinga ni zawadi kutoka kwa tajiri aliyetubu.

Leo mambo yamegeuka. Ufugaji wa kisasa ulimwingiza bata mzinga mabandani kwa maelfu, na bei yake ikashuka.

Bata bukini, kwa upande wake, amekataa kuharakishwa. Hutaga zaidi majira ya machipuko, mayai yake ni machache yakilinganishwa na ya kuku, na hukulia malishoni akila majani hadi mwishoni mwa mwaka. Aidha, ana mifupa mizito na mafuta mengi, kiasi kwamba ndege wa kilo tano hutosheleza watu sita hivi.

Hata hivyo, mpishi mzoefu haoni hasara katika mafuta hayo. Hutoboatoboa ngozi pasipo kufikia nyama, humweka bata juu ya wavu ndani ya sinia, kisha huyakinga mafuta yanayochuruzika na kuyatumia kuokea viazi. Yanayobaki huhifadhiwa kwa mapishi ya siku zijazo.

Tishio kubwa zaidi ni homa ya mafua ya ndege, ambayo huenezwa pia na ndege wa porini wanaotua malishoni. Mwaka 2022, wabunge wa Uingereza waliambiwa kwamba takriban bata mzinga 600,000 kati ya milioni 1.3 waliofugwa nje kwa ajili ya Krismasi walikufa au kuuawa. Kuanzia Novemba 7 mwaka huo, wafugaji wote wa England waliamriwa kuwafungia ndege wao ndani. Kwa ndege anayeishi kwa majani, amri ya namna hiyo ni pigo.

Ni dhahiri kwamba bata bukini hawezi kuwa rahisi bila kuacha kuwa bata bukini. Anayemtaka hana budi kukubali gharama za mfugaji, na pengine kurejea desturi ya wazee wa London ya kuweka akiba mapema. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.