Mkate wa Maziwa Katika Bonde la Mpunga

Mtu apitaye Ifakara katika miezi ya mavuno, akayaona magunia yaliyorundikwa mbele ya mashine za kukobolea na maturubai yaliyotandazwa uani yakiwa yamejaa mpunga unaoanikwa juani, huamini kwa haki kwamba amefika katika nchi ambayo neema yake imo ndani ya punje ya mchele. Walakini mtu huyo huyo, akikaribishwa chai ya asubuhi kwa heshima ya ugeni wake, aghalabu huwekewa mezani mkate wa dukani, uliookwa kwa ngano isiyolimwa bondeni, na ambao siku ya pili tu huwa mkavu na wenye kupukutika mkononi. Siulaumu mkate, naupenda, na watoto wetu wanaupenda kutupita sisi. Rai yangu ni kwamba mkate mweupe laini wa maziwa, namna ile iliyowapatia Wajapani sifa ulimwenguni, waweza kuokwa nyumbani katika Bonde la Kilombero, na kwamba siri ya ulaini wake imo katika majiko ya Waswahili tangu zamani.

Siri hiyo ni uji. Mwokaji wa Kijapani huchukua sehemu ndogo ya unga wake, akaimwagia maji yanayochemka, akaliacha donge hilo lipoe, ndipo alichanganye na unga uliosalia. Desturi hiyo huitwa yudane. Iko nyingine iliyo ndugu yake, iitwayo tangzhong, ambayo ilipata kuenea sana baada ya Yvonne Chen wa Taiwan kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 2007, na ndani yake sehemu moja ya unga hupikwa katika sehemu tano za maji au maziwa hata ukawa uji mzito. Moto ufikapo nyuzi 65 hivi, chembe za wanga hunywa maji zikafura, na maji yaliyokwisha kunywewa namna hiyo hayatoki upesi, si wakati wa kukanda wala wakati wa kuoka, hata mkate ukakaa siku mbili tatu ungali laini, pasipo kutiwa dawa yoyote ya kiwandani.

Sasa na tumtazame mpishi wa vitumbua. Huloweka mchele usiku kucha, akausaga, na wapishi wengi huchota sehemu kidogo wakaipika uji, au wakatia wali kiasi, kabla ya kutia hamira, kwa sababu wameona kwa macho yao kwamba vitumbua vya namna hiyo huwa laini na havikauki upesi. Tumtazame pia mpishi wa mkate wa kumimina, wa Unguja, Mombasa au Lamu, auumuaye mchele uliosagwa kwa tui na iliki, kisha akaupalia makaa juu na chini, hasa katika Mwezi Mtukufu wa Ramadhani. Watu hawa wana elimu ileile, na ingewastahili kutajwa pamoja na waokaji wa Tokyo.

Wajapani nao ni watu wa wali, na kisa chao kina mazingatio kwa bonde letu. Mkate uliingia kwao na Wareno katika karne ya 16, ukakaa muda mrefu kuwa kitu cha wageni, mpaka zama za Mfalme Meiji, ambapo mwokaji wa Tokyo aliyeitwa Kimura Yasubei alifanya mikate midogo iliyojazwa maharagwe matamu na kuiumua kwa chachu ya pombe ya mchele. Mwaka 1875 mikate hiyo iliandaliwa mbele ya Mfalme mwenyewe. Hapo mkate uliingia katika mila ya nchi bila kuinyang'anya kitu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, njaa ilipotanda, ngano ya Marekani na maziwa ya unga vililetwa mashuleni kwa chakula cha mchana, na kizazi kizima kikakulia humo. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikula wastani wa kilo 118 za mchele. Siku hizi hafikii nusu ya kiasi hicho, na tangu mwaka 1970, kwa miongo kadhaa, serikali yao iliwalipa wakulima ili wapunguze kupanda mpunga. Ndipo walipoanza kuurudisha mchele kwa mlango wa mkate: wakasaga unga wa mchele wa kuokea, na mwaka 2010 kampuni ya Sanyo ikatoa mashine ya nyumbani iliyogeuza punje za mchele kuwa mkate, ikapendwa mno hata kampuni ikalazimika kusimamisha kwa muda upokeaji wa maombi ya wanunuzi. Sisi tunayo fursa ya kuanzia pale walipofikia wao, kabla ya mashamba yetu kupata hasara hiyo.

Basi mpishi wa Ifakara na achukue chenga, zile punje zilizovunjika mashineni ambazo huuzwa kwa bei ndogo, ziwe za Supa, za Mbawambili au za SARO, azioshe, azikaushe, azisage na kuzichekecha. Avikoroge vijiko viwili vya chakula vya unga huo katika mililita 100 za maziwa juu ya moto mdogo, asiuache mwiko, mpaka uji uwe mzito na mwiko uache njia nyuma yake. Kisha aufunike upoe kabisa. Maziwa ya wafugaji wa bondeni ni mazuri sana kwa kazi hii, maadamu yamechemshwa kwanza, kwa ajili ya afya na kwa ajili ya mkate pia, kwa kuwa maziwa mabichi hulizuia donge kuumuka vyema. Uji huo autie katika gramu 350 za unga wa ngano, pamoja na yai moja, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, ambayo kwa bahati njema hutoka Kidatu, bonde hilihili, na maziwa mengine kiasi cha mililita 100. Akande robo saa au zaidi, na siagi gramu 40 aitie mwishoni, donge likiisha kushikana. Dalili ya kutosha ni kwamba kipande kikivutwa kwa vidole huwa chembamba kiasi cha kupenyeza nuru pasipo kuraruka. Aliyezoea aweza kuongeza unga wa mchele hata sehemu moja kwa tano ya unga wote, lakini asivuke hapo, kwa maana mchele hauna gluteni, na gluteni ndiyo inyumbukayo na kuishika hewa ya hamira.

Joto la Ifakara ni msaada na pia ni hatari: donge huumuka mara, na likiachwa mno huchacha likapoteza ladha. Liwekwe kivulini, na likiwa maradufu ligawanywe mafungu matatu, yakunjwe viringo, yapangwe ubavu kwa ubavu katika kopo lililopakwa samli, yaachwe yaumuke tena. Asiye na tanuri hana udhuru. Sufuria kubwa iliyotiwa mchanga mkavu chini, kopo likawekwa juu yake, makaa machache yakawa chini na mengi yakawa juu ya kifuniko, huuivisha mkate kwa nusu saa na ushei. Na mwenye jiko la gesi atumie gesi, kwa sababu misitu inayoizunguka Udzungwa imekwisha kutoa makaa ya kutosha.

Yuko atakayesema kwamba ngano ingali kitu cha kununua. Ni kweli, Hanang na nyanda za juu za kusini huilima, lakini sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania huletwa kwa meli, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilitufundisha jinsi bei ya mkate inavyoweza kupandishwa na watu tusiowajua. Hiyo ni hoja ya kutia mchele ndani ya mkate, wala si hoja ya kuuacha. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Ifakara kingeweza kulifundisha jambo hili katika muhula mmoja, na wenye mashine, kutoka Mang'ula hadi Mlimba, wangewafaa wapishi kama wangetenga chenga safi, wakazisaga, na kuziuza kwa kilo moja moja, badala ya kuziacha zote ziende kwa wafuga kuku.